Majani Kwenye Bampa

Madereva wengi, gari likiwaharibikia barabarani, hukata matawi wakayatandaza mbele na nyuma ili anayekuja apunguze mwendo. Gari likipona, huwasha wakaenda zao. Majani hubaki palepale yakinyauka katikati ya njia, na atakayeyavamia ajijue mwenyewe. Cuthbert hakuwa hivyo. Yeye akishafunga nati ya mwisho alishuka akaokota tawi mojamoja, hata kijiti, akavirushia nyuma ya lori. Ndipo alipoondoka.

Basi hicho ndicho kilichomponza Ottilia. Si kifua kipana, si sauti nzito, ingawa vyote viwili mwanamume huyo alikuwa navyo. Miaka miwili kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, Ottilia alikuwa akitoka Songea na mzigo wake wa vitambaa, akapewa nafasi mbele kwenye lori jekundu la Abdulhamid, mfanyabiashara wa Mbinga. Walipokaribia Kigonsera rediata ikapasuka. Walikaa pale tangu saa nne mpaka saa nane, wakila mahindi ya kuchoma, wala dereva hakuwa msemaji. Gari lilipopona akaanza kuokota majani.

"Mbona unahangaika nayo?" Ottilia alimuuliza. "Mvua itayaondoa."

"Mazoea ya jeshini, dada. Ukiondoka mahali, usiache alama."

Akamtazama Ottilia, akageuza macho. Akamtazama tena, akageuza tena. Mara ya tatu hakuyageuza. Ottilia alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na sita aliyekwisha kuwakataa wachumba wawili bila kupepesa jicho, lakini siku hiyo aliingia Mbinga akiwa si mali yake tena.

Cuthbert alikuwa mtu wa Liuli, ufukweni mwa ziwa. Alijifunzia udereva jeshini, akaenda na lori la jeshi hadi Uganda wakati wa vita, akarudi nalo zima. Alipovua magwanda aliendesha malori ya shirika la mkoa mpaka yote yakaishia juu ya mawe. Zilipokuja siku za ruksa ya biashara na kila mwenye uwezo akanunua Isuzu yake, Abdulhamid alimchukua. Kahawa kupanda, mitumba na saruji kurudi, na kwa wiki mara moja kuteremka Mbamba Bay kufuata dagaa. Kwenye mteremko ule, wenzake walisali. Yeye alipiga mluzi.

Mzee Wendelin, baba yake Ottilia, hakupendezwa hata chembe.

"Kwanza Mwanglikana," alisema siku barua ya posa ilipoletwa. "Pili ana miaka arobaini kasoro na hajaoa, kwa nini? Tatu, dereva. Dereva ana nyumba kila panapouzwa chai."

"Baba, huyu hana," Ottilia alisema, macho chini.

"Umezihesabu?"

Ilichukua miezi minane. Padri aliulizwa akasema linawezekana. Mashangazi waliulizwa, wakatumwa watu hadi Liuli kuchunguza, wakarudi mikono mitupu kwa upande wa ubaya. Mwishowe, Ijumaa moja ya mwezi wa sita, mama yake Ottilia, Mama Mektilda, alimvuta binti yake jikoni akamnong'oneza, "Baba yako amekubali. Kesho watakuja kupokea jibu. Usijitie kujua kitu."

Ottilia alijitia kujua kitu. Alicheka peke yake hadi akaunguza maharage.

Lakini furaha ya Mama Mektilda ilikuwa na kikomo chake, na kila mtu pale kilimani alikijua. Alikuwa na mtoto mwingine, wa kiume, Methodi, aliyekwenda vitani akiwa na miaka ishirini na moja. Askari waliporudi, malori yalipita yamefungwa majani mbele na ubavuni, watu wakicheza barabarani, na Mama Mektilda alikimbia kutoka lori hadi lori akiita jina lile. Lori la mwisho likapita. Baada ya mwezi ikaja barua: amefariki vitani, amezikwa hukohuko na wenzake. Mama alikataa. "Barua haizikwi," alisema. Hakukubali matanga, hakukubali misa ya marehemu. Kila Pasaka, kwa miaka kumi na mitano, alitoa sandukuni shati moja la bluu, akalifua, akalipiga pasi, akalirudisha. "Wakimleta," alisema, "tutalia."

* * *

Jumamosi hiyo Ottilia alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja, amevaa gauni alilolishona kwa siku tatu, aliposikia mngurumo wa Isuzu ukipanda kutoka njia ya ziwani. Aliutambua.  Alijifuta mikono, akanyoosha shingo kutazama chini penye kona.

Lori lilitokea. Bampa lilikuwa limejaa majani mabichi.

Ukweli wa mambo ulikuwa mdogo kiasi cha kusikitisha. Walikuwa wamekwama juu ya Tingi, injini inachemka, Cuthbert na mjomba wake Mzee Hamphrey aliyekuwa mshenga. Cuthbert akaweka matawi barabarani kama kawaida, akatengeneza, akayaokota kama kawaida. Nyuma turubai lilikuwa limeshafungwa juu ya samaki wakavu wa mbasa na zawadi za ukweni, na alijua huenda akasimama tena mbele. Kwa hiyo akayachomeka kwenye bampa. Jeshini walifanya hivyo kila siku ili ndege zisiwaone. Kisha akaendelea kuyapanga kichwani maneno atakayomwambia mkwe wake, na kati ya maneno hayo majani akayasahau.

Mbinga, kama kwingine kote, gari lenye majani mbele haliulizwi limebeba nini: ni maiti.

Ottilia alisikia kitu kikianguka nyuma yake. Ungo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, macho yametoka, anafungua kanga ya mabegani na kuifunga kiunoni.

"Mama, subiri. Ni Cuthbert..."

"Wamemleta," Mama Mektilda alisema taratibu. Kisha akapaza sauti iliyofika ng'ambo ya bonde: "Wamemleta! Methodi wangu jamani! Wamemleta!"

Kilio kikijibiwa na kilio, hakirudishwi tena. Wanawake waliokuwa wakichimba ngolo, mashimo ya kulimia, kwenye mteremko wa pili waliacha majembe ndani ya mashimo yao wakaja mbio, mikono kichwani. Wanaume walitokea mibunini. Lori liliposimama uani walikuwapo watu zaidi ya thelathini, na wengine walikuja na matita ya kuni vichwani, kwa maana msiba hauendwi mikono mitupu. Mzee Wendelin alisimama katikati na shati lake la kanisani, hajui ashike wapi.

Cuthbert aliteremka. Alikuwa na suti ya kijivu na tai. Aliwatazama watu, akatazama bampa lake, na Ottilia akaona rangi ikimtoka usoni.

"Shikamoo, mama..."

"Fungua," alisema Mama Mektilda. Alikuwa ameshafika nyuma, anavuta kamba za turubai kwa kucha. "Fungua, baba, nimwone. Nilisema wataniletea. Walinicheka. Fungua!"

Mzee Hamphrey alimkimbilia. "Mama, samahani sana, haya ni majani ya kuharibikiwa tu. Gari lilikufa njiani. Hakuna msiba."

Turubai likaachia. Samaki. Vitenge. Blanketi la baba mkwe. Mama Mektilda aliingiza mikono kati ya magunia, akapapasa chini, akapapasa pembeni. 

"Yuko wapi?" aliuliza. Alimgeukia dereva. "Umemwacha wapi?"

Swali hilo angeweza kuulizwa mtu yeyote, na yeyote angejibu kwamba mama amechanganyikiwa, mshikeni mpeleke ndani. Ottilia alikuwa ameshapiga hatua kumshika. Lakini Cuthbert alipiga magoti kwenye vumbi na suti yake ya posa.

"Nilimwacha barabarani, mama," alisema. "Nisamehe. Nilimwacha barabarani."

Ottilia alidhani amesikia vibaya.

"Unasema nini wewe?" Mzee Wendelin aliuliza.

"Nilikuwa dereva wake, baba. Wiki sita. Alikuwa akipanda nyuma ya lori langu, juu ya magunia ya mchele, anaimba Kimatengo." Alikuwa akizungumza na ardhi. "Tulishambuliwa sehemu yenye matete pande zote. Amri ilikuwa moja: ukipigwa usisimame, ukisimama wote walio nyuma yako wanakufa. Methodi alidondoka. Nilimwona kwenye saitimira. Alikuwa amesimama katikati ya barabara, anapunga mkono, kama mtu anayeomba lifti."

"Ukafanyaje?"

"Nikakanyaga mafuta, baba."

Mtu mmoja kwenye kundi alisema "Yesu na Maria." Mzee Wendelin alikuwa anahema kwa mdomo.

"Asubuhi nilirudi. Alikuwa ameshakata roho. Nilivunja matawi nikamfunika, ndiyo sanda niliyokuwa nayo. Wenzetu walikuja wakamchukua, wakamzika na wengine. Mimi sikuwapo, gari lilitakiwa mbele. Tangu siku hiyo siwezi kuyaacha majani barabarani nikaondoka. Siwezi."

 Mama Mektilda alikwenda mbele ya lori, akachomoa tawi moja kwenye bampa, akatembea nalo hadi chini ya mibuni lilipo kaburi la baba mkwe wake, akalilaza pembeni yake, akaketi chini na kuanza kulia. Hakuwa akipiga kelele sasa. Alikuwa akilia kilio cha mtu aliyepata pa kulilia, na wanawake wote wakamfuata wakaketi naye.

Hivyo ndivyo matanga ya Methodi yalivyowekwa, miaka kumi na mitano baadaye, kuku wa posa akachinjwa kwa ajili ya waombolezaji.

* * *

Cuthbert hakuondoka. Mjomba wake alimsihi, akakataa. Alivua tai, akachota maji, akapasua kuni, akalala nje na wanaume. Hakuna aliyemfukuza, wala hakuna aliyempisha kwenye benchi.

Siku ya pili, jua likielekea kushuka, Ottilia alimkuta nyuma ya jiko akisugua sufuria.

"Siku ile ya Kigonsera," alimwambia, "ulijua mimi ni nani?"

"Sikujua. Nilijua ulipotaja jina la baba yako, tunaingia mjini. Kazi ya Mbinga niliiomba mwenyewe, Ottilia. Nilikuja kuwatafuta wazazi wake niwaambie. Nikakukuta wewe."

"Miaka miwili."

"Miaka miwili."

"Nilikusimulia habari za kaka yangu! Nikakulilia, ukanifuta machozi, ukaniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Wewe! Ukaniuliza mimi!"

"Nilitaka kujua. Mimi nilimjua wiki sita tu."

Ottilia aliinua mkono ampige kofi. Mkono ulifika shavuni ukakosa nguvu, ukabaki pale, na Cuthbert akafumba macho akaulalia.  Alikuwa ananuka moshi na dizeli, na Ottilia alimchukia, na alimpenda.

"Ningekwambia, ungeniacha," alisema Cuthbert.

"Labda. Lakini ningekuacha mimi. Sasa watanitenga nawe watu wengine."

Cuthbert akafungua macho. "Lori lina mafuta, Ottilia. Tukiondoka sasa, tunaingia Liuli kabla watu hawajala. Mama yangu atakupokea. Baba yako atakasirika mwaka mmoja, miwili, ataacha."

 Ottilia aliyaona yote: nyumba ya ufukweni, cherehani dirishani, yeye akisikiliza mluzi ukiteremka mlimani. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Hakuwa amemtaka mtu mwingine, wala asingemtaka.

"Nipe hadi kesho," alisema.

Hiyo kesho ndiyo iliyoharibu kila kitu. Jioni hiyo Mama Mektilda, ambaye tangu Jumamosi hakutia kitu mdomoni, alimwita Cuthbert. Alimtaka amwimbie wimbo aliokuwa akiimba Methodi. Cuthbert hakujua maneno, Kimatengo hakikuwa chake, lakini sauti aliikumbuka, akaupiga mluzi polepole. Mama alianza kuyatia maneno. Ulikuwa wimbo wa kuchuma kahawa, aliomfundisha mwenyewe. Walipomaliza alisema, "Nina njaa, mwanangu." Akala ugali kutoka mkononi mwa Cuthbert, tonge kwa tonge, huku Ottilia akishika taa.

Alisema mwanangu. Watu wazima huwaita hivyo vijana wote. Ottilia alijiambia hivyo mpaka kulipokucha.

* * *

Asubuhi ya tatu wazee waliketi ukumbini kuanua matanga. Padri alikuwa ameahidi misa. Mzee Wendelin alisafisha koo, akamwita Cuthbert katikati.

"Nimefikiri siku tatu," alisema. "Ulipewa amri, ukaifuata. Waliokuwa kwenye gari lako walirudi kwa mama zao. Hilo nalielewa, na sina kisasi nawe. Lakini nisikilize. Jibu la barua yako nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa ndiyo."

Cuthbert aliinamisha kichwa.

"Sasa siwezi. Kama mkwe, siwezi. Dereva yuleyule aliyemwacha mwanangu barabarani aje amchukue na binti yangu? Kila nikikuona ukimpakia ningeona hilo. Nisamehe, mimi ni mtu tu. Kama mkwe, mlango umefungwa." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mama yenu ana neno lake."

Mama Mektilda alisimama. Mikononi alikuwa na shati la bluu, limepigwa pasi.

"Mimi nilikuwa na mtoto wa kiume," alisema. "Nilimngoja akaletwa na huyu. Huyu ndiye aliyemfunika. Ndiye aliyeniimbia. Sina lori la kumfuata Methodi alipo, na sina miaka kumi na mitano mingine ya kungoja." Alikuwa anamtazama Cuthbert tu, na uso wake ulikuwa na uhai ambao Ottilia hakuwahi kuuona tangu akiwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. "Kama unataka, kuwa mwanangu. Uje Krismasi. Ule kwangu. Ukifa kabla yangu nikulilie, nikifa kabla yako unizike."

 Cuthbert hakumtazama mama. Alimtazama Ottilia, macho yaleyale ya Kigonsera, na hakuyageuza. Alikuwa anamwachia yeye neno. Angetikisa kichwa tu, wangetoka wote wawili mlangoni, na lori lilikuwa hatua ishirini.

Mama Mektilda naye aligeuka. Hakuwa mjinga, alijua anachoomba na anamwomba nani. Alinyoosha shati.

"Ottilia," alisema kwa sauti ndogo. "Mvishe kaka yako."

Ottilia aliitazama mikono ya mama yake chini ya kitambaa. Akaona kwamba hakuna mahali atakapokwenda, si Liuli wala ng'ambo ya ziwa, asipoiona mikono hiyo ikibaki na shati hewani.

Akalipokea.

Cuthbert alipiga magoti. Lilikuwa shati la kijana wa miaka ishirini na moja na lilimbana mabegani. Ottilia alifunga kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Yeye fundi, aliyefunga vifungo vya nusu ya Mbinga, vidole vilimkataa kwenye cha nne. Alikuwa karibu naye kiasi cha kusikia moyo wake ukigonga. Hakuwahi kuwa karibu naye hivyo mbele za watu, na asingekuwa tena.

"Karibu nyumbani, kaka," alisema.

Mama Mektilda akapiga kigelegele, peke yake kwanza, kisha wanawake wakampokea.

Saa tano Cuthbert aliaga, kwa kuwa tajiri yake alikuwa akingoja gari. Ottilia alimsindikiza hadi uani, mama yao akiwatazama kutoka kizingitini. Majani ya bampa yalikuwa yamekauka, yamejikunja. Cuthbert aliinama kuyatoa.

"Niachie mimi," alisema Ottilia. Akayachomoa mojamoja, akayakusanya kifuani kwenye gauni la posa. "Nenda. Usije ukamtisha mama wa mwingine."

"Ottilia..."

"Niite dada," alisema bila kuinua uso. "Mama anatusikiliza."